Picha ya ukutani ikigeuka skafu ya hariri, kazi inakuwa ya nani?

Wiki mbili zilizopita tulikuwa kwenye kicheni pati, shangazi mmoja wa bibi harusi kaja na skafu ya hariri imechapwa mchoro wa msanii, nzuri kwelikweli, mtu akauliza bei, akatajiwa, na hapo meza nzima ikachangamka. Mmoja anasema hamna kitu hapo, wamechukua picha wakachapa basi. Mwingine anasema hariri gani hiyo, mbona Kariakoo zipo za elfu kumi. Wa tatu ndo akamaliza kabisa, akasema hao wabunifu wa mitindo ni wezi tu, mwenzako kachora yeye anakuja kubandika lebo yake.

Mi nashona na kuchapa vitambaa, ndo kazi inayonilisha, na yale maneno nimerudi nayo nyumbani maana hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa mjinga. Ni mambo ambayo hatuelezwi tu. Kila ikisikika kolabo ya msanii na dizaina, maswali ni yaleyale: nani kafanya nini, kwa nini ghali hivyo, na picha inabaki kuwa ya nani.

Tuanze na hili la hariri. Hariri ni uzi, unatoka kwa kiwavi anayekula majani ya mforsadi na kujizungushia kifukofuko. Satini sio uzi, satini ni namna ya kufuma. Fikiria saluni: kuna nywele, na kuna mtindo wa kusuka. Mtindo uleule wa twende kilioni unaweza kusukwa kwa nywele zako mwenyewe au kwa rasta za dukani, ukiangalia kwa mbali huoni tofauti. Sasa satini ndo mtindo, hariri ndo nywele zako, poliesta ndo rasta. Kwa hiyo ile skafu ya elfu kumi inayoteleza na kung'aa, mara nyingi ni satini ya poliesta, muuzaji akikwambia satini hajakudanganya, akikwambia hariri ndo kakudanganya. Ukitaka kujua, chomoa kauzi kamoja pembeni ukachome: hariri inanuka kama nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika mkononi, poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu, sawasawa na ncha za rasta ukizipitisha kwenye moto.

Afu hata hariri yenyewe ina misuko mingi. Zile skafu maarufu za Hermès, kampuni ya mitindo ya Ufaransa, ambazo ndo watu wengi wanazipigia mfano, zimefumwa kwa twili, na twili unaijua, angalia suruali yako ya jinzi kwa karibu utaona vimstari vinapanda kwa mshazari, ndo hiyo hiyo, ila kwa uzi laini mara nyingi zaidi. Skafu ya aina hiyo ni mraba wa sentimita 90 kwa 90, walianza kuzitoa mwaka 1937, inahitaji vifukofuko kama 300 kuipata moja, na hariri wanaitoa mbali, Brazil, kwenye mashamba ya mforsadi ya jimbo la Paraná.

Sasa msanii na dizaina.

Msanii ndo anayezaa picha. Dizaina ndo anayeamua hiyo picha itakuwaje kitu cha kuvaa: ukubwa gani, kitambaa gani, rangi ngapi, pindo liwe vipi, kipi kibaki na kipi kiondoke. Sisi watu wa pwani hili tunalielewa vizuri kupitia taarabu. Kuna mtu kaandika shairi, kuna mwingine kalitia muziki, kuna mwingine kalichukua kwa sauti yake, na wimbo unatoka mmoja. Hujawahi kusikia mtu anasema aliyetia muziki kaiba shairi, isipokuwa pale ambapo mwenye shairi hakutajwa au hakulipwa, na hapo wizi ni wa kweli. Shida kwenye skafu ni kwamba kazi ya yule wa pili haionekani kwa macho, unaona picha tu, basi unadhani aliyefanya kazi ni mchoraji peke yake.

Nitaeleza kwa kilichonikuta mwenyewe. Nina rafiki mchoraji, tulikubaliana tutoe skafu chache za hariri kutoka kwenye mchoro wake mmoja, bibi kakaa kwenye mkeka anachambua mchele kwenye ungo, uso wake uko katikati kabisa na ndo roho ya ile picha, ukiiona ukutani huwezi kupita bila kusimama. Tukaichapa kwanza kwenye kitambaa cha bei rahisi ili tuone. Nikakikunja pembetatu kama mtu anavyokunja skafu ya kichwani, nikamfunga yeye mwenyewe, tukaenda mbele ya kioo. Ule uso ukawa umeangukia kwenye mkunjo. Jicho na paji viko juu, pua na mdomo vimeingia chini havionekani, na kilichobaki kwenda kuning'inia kifuani, kwenye zile ncha mbili ambazo watu wote wanaziangalia, ni ukuta wa udongo mtupu na kipande cha mkeka. Tulinyamaza kama dakika nzima.

Picha ya ukutani inatazamwa yote kwa pamoja, imenyooka, mtu kasimama mbele yake. Skafu haitazamwi hivyo hata siku moja. Ukiikunja pembetatu nusu yake inalala chini, katikati inaenda kwenye mkunjo, na pembe ambazo mchoraji huwa anaziacha kimya ili jicho lipumzike ndizo zinazotoka mbele za watu. Kwa hiyo picha nzuri sana inaweza kuwa skafu mbaya, na hiyo sio dharau kwa mchoraji, ni vitu viwili tofauti. Rafiki yangu alirudi kuchora upya. Uso wa bibi aliupandisha pembeni na kuugeuza, mikono ikaenda pembe moja, ungo ukaenda pembe nyingine, na chembe za mchele akazitawanya kuzunguka ukingo wote zikawa ndo pindo. Mchoro ni wake asilimia mia, ila asingeuchora vile kama hatukusimama mbele ya kioo.

Na kwa kweli haya sio mageni kwetu. Chukua kanga. Kanga ina mji katikati, ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina jina lake chini, na mtu aliyeipanga alishajua kwamba itakatwa ziwe mbili, moja kiunoni moja mabegani, na jina litakaa wapi ikivaliwa. Hata neno leso, wanavyoita kanga watu wa Mombasa na Lamu, limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkononi, maana hadithi inayojulikana ni kwamba wanawake wa pwani karne ya 19 walikuwa wananunua vile vitambaa vya mraba vya kuchapwa, wanavishona pamoja vitatu juu vitatu chini wanapata nguo moja. Yaani ule mraba wa kuchapwa ndo bibi wa kanga, na hiyo skafu ya hariri tunayoishangaa ni ndugu yake.

Tuje kwenye kuchapa, hapa ndo bei inapozaliwa.

Watu wanadhani kuchapa ni kama fotokopi, unaweka picha inatoka. Kuchapa kwa fremu, ambayo ndo njia ya zamani na bado inatumika kwenye skafu za hali ya juu, ni rangi moja kwa wakati. Unakuwa na fremu yenye wavu mwembamba, sehemu zote zimezibwa isipokuwa pale rangi moja inapotakiwa kupita, unaiweka juu ya hariri iliyonyooshwa mezani, unavuta rangi kwa kipande cha mpira, unanyanyua, unahamia. Rangi ya pili fremu ya pili. Waliowahi kuchapa fulana za kampeni wanaijua, ila fulana ina rangi mbili au tatu. Kwenye karakana za Hermès kule Pierre-Bénite, pembeni ya mji wa Lyon, skafu moja kuwa na fremu kama 30 ni kawaida na nyingine zinapita 40, na kabla ya fremu kuna mtu kazi yake ni kukaa na mchoro wa msanii na kuuvunja rangi moja moja, wapi kijani hiki kinaishia na kile kinaanza, unyoya mmoja wa ndege unaweza kuwa na rangi sita. Kazi hiyo ya kuvunja mchoro mmoja inakula mamia ya saa. Afu fremu ikihama hata milimita moja, nyusi zinakaa kwenye paji. Baada ya hapo hariri inapigwa mvuke rangi ishike, inafuliwa, inakaushwa, inakatwa, na pindo linakunjwa kwa vidole na kushonwa kwa sindano ya mkono upande hadi upande. Ndo maana unasikia skafu moja inapita dola 500. Sisemi jina la kampuni halimo kwenye hiyo bei, limo tena sana, ila ukisema ni jina tupu unakuwa umefuta mikono ya watu wengi.

Na huyo mtu wa kuvunja rangi, mi namwona kama mfasiri. Mchoraji anaweza kuchanganya rangi hadi mia tatu kwenye turubai bila hata kufikiria, yeye anatakiwa azipunguze zibaki 30 na picha ibaki ileile. Ukiona skafu imetoka na uhai wa mchoro wa mkono, jua kuna mtu kakesha.

Kuna mfano ninaoupenda sana. Kermit Oliver, mchoraji mweusi wa Texas, Marekani, alizaliwa 1943, alikuwa anafanya kazi posta ya mji wa Waco, zamu ya usiku, kuchambua barua. Mchana anachora. Kuanzia miaka ya 1980 huyu bwana akawa anachora skafu kwa ajili ya Hermès, ya kwanza ilikuwa picha ya chifu wa Wapawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na kwa miaka iliyofuata akatoa zaidi ya kumi na tano, zimejaa farasi, bata mzinga, maua ya mwituni, wanyama wa kwao. Na hakuacha kazi ya posta. Akawa Mmarekani wa kwanza kuchorea skafu za kampuni ile. Ukiangalia kazi zake utaona kitu: anajaza pembe. Ukingo wake ni picha kamili inayojitosheleza, majani na midomo ya ndege inatoka kwenye fremu inaingia kwenye pindo, kwa hiyo hata ukiona ncha moja tu imechungulia kwenye koti unajua umeona kitu. Huyo alielewa kwamba anachorea mwili, hachorei ukuta.

Upande wa dizaina nitakupa Zika Ascher. Mtu wa Prague, yeye na mkewe Lida walikimbia kwao wakati Ulaya inaingia vitani, wakaishia London, wakafungua biashara ya vitambaa. Vita vilipoisha wakaanza kuwafuata wachoraji na wachongaji wakubwa wawachoree skafu za mraba, Henry Moore, mchongaji Mwingereza, akakubali, Matisse, mchoraji Mfaransa, akakubali, na mwaka 1947 zile skafu zikatundikwa kwenye Lefevre Gallery hapo London kama picha. Ila kinachonigusa zaidi ni kazi nyingine aliyofanya na Matisse wakati huohuo. Ascher alimtembelea Paris mwaka 1946 akamkuta mzee kakata karatasi nyeupe, samaki, ndege, mwani, kazibandika moja kwa moja kwenye ukuta wa chumba chake, kumbukumbu za safari yake ya Tahiti ya mwaka 1930. Matisse akataka igeuzwe kitambaa, na ile rangi ya ukuta, rangi fulani ya mchanga, ibaki vilevile. Hebu fikiria kazi ya kutafuta kitambaa chenye rangi ya ukuta wa mtu. Ascher akaenda kutafuta kitani Ireland ya Kaskazini, kikatiwa rangi hadi kikafanana, ndo kikachapwa weupe juu yake, zikatoka picha mbili, nakala 30 tu kwa kila moja. Leo zinaitwa kazi za Matisse, na ni za Matisse kweli, lakini bila yule mtu wa vitambaa zingebaki karatasi ukutani.

Sasa niseme mambo mawili matatu ambayo nayasikia kila siku dukani.

La kwanza, mtu anakuja na picha kwenye simu anasema nichapie kwenye hariri, fulani ana ile mashine ya kuchapa vikombe na jezi atanifanyia. Ile mashine inatumia joto kali kugeuza wino kuwa mvuke, na ule mvuke unaingia kwenye poliesta, hariri haiupokei, utapata picha iliyofifia na itaondoka ukifua. Hariri inataka rangi zake na mvuke wa maji wa kushikisha. Kuna mashine za dijitali zinazochapa hariri vizuri, zinapuliza wino moja kwa moja, hazihitaji fremu na hazikudai uchape nyingi, na kwa msanii wa kawaida anayetaka skafu 20 hiyo ndo njia yenye akili. Sio ya kudharau hata kidogo. Ila na yenyewe inahitaji kitambaa kitayarishwe kabla na kipigwe mvuke baada, kwa hiyo anayekwambia ni kubonyeza tu, muulize mvuke anapiga wapi.

La pili, rangi. Simu inawaka, kitambaa hakiwaki. Ile bluu ya kwenye simu ni mwanga unakuja machoni kwako, bluu ya skafu inasubiri mwanga wa jua au wa taa uigonge ndo irudi. Haziwezi kufanana, na ukigombana na mchapaji kwa sababu hiyo unamwonea. Dai kipande cha majaribio, kitoe nje juani, kirudishe ndani, ndo uamue.

La tatu ndo zito. "Picha niliinunua, kwa hiyo ni yangu, naweza kuchapa ninachotaka." Hapana. Ukinunua picha umenunua kile kitu, turubai na fremu yake, unaweza kuitundika, kuiuza, kumpa mkwe wako. Haki ya kuitoa nakala imebaki kwa mchoraji isipokuwa mmeandikiana vingine. Ni sawa na kununua kitabu, kitabu ni chako ila huruhusiwi kukipeleka kiwandani kichapwe upya uuze. Tanzania sheria ya hakimiliki ni ya mwaka 1999 na Kenya ya 2001, na kote huko haki inazaliwa pale kazi inapozaliwa, hata kama hujasajili. Kwenda COSOTA au KECOBO, yaani ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, kusajili kunakusaidia kuwa na ushahidi siku ya ugomvi, lakini asiyesajili naye ana haki.

Kwa hiyo msanii na dizaina wakikutana wanatakiwa waongee kabla ya rangi kugusa kitambaa. Dizaina anaomba ruhusa ya kutumia mchoro, tuiite leseni, ni kama kupangisha nyumba, nyumba inabaki yako ila mpangaji ana muda wake na masharti yake: skafu tu au na mito na mikoba pia, ngapi, nchi zipi, hadi lini. Malipo yako ya aina mbili. Unaweza kulipwa mara moja ukamaliza, au ukalipwa mrabaha, yaani kila ikiuzwa moja una fungu lako. Mara moja ni salama kama skafu hazitauzika, mrabaha ni mtamu kama zitauzika, na wengine wanachanganya, kidogo mwanzo na fungu baadaye. Mi naona kwa msanii anayeanza huo mchanganyiko ndo wa haki zaidi, maana kodi ya nyumba haisubiri skafu ziuzwe. Na watu wanasahau kuandika mambo madogo ambayo ndo yanaleta kisirani: nani anaruhusiwa kubadilisha rangi, maana mchoro mmoja kwa kawaida unatolewa kwa seti nyingi za rangi na msanii anaweza kuamka akakuta bibi yake wa kahawia amegeuka wa pinki. Na zile zilizoharibika kwenye kuchapa zinaenda wapi, zinachanwa au zinauzwa kwa bei ya chini huku jina la mtu limo.

Jina. Hapa ndo roho yangu ilipo. Kwenye skafu nyingi za Hermès ukitafuta vizuri kwenye mchoro utalikuta jina la aliyechora, dogo, limejificha kwenye jani au kwenye ukingo. Sasa fungua sanduku la mama yako utoe kanga. Utakuta jina la kiwanda, utakuta "Mali ya Abdulla", ile nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa iliyokuwepo tangu 1887, namba ya dizaini utaikuta, methali utaikuta. Mtu aliyechora ile korosho, lile ua, yule tausi, humkuti. Tumezikwa na kuolewa na kubebwa mgongoni kwenye kazi za wachoraji ambao hatuwajui hata mmoja, na wengi wao walikuwa na mkono wa ajabu. Silaumu kiwanda kimoja, ndo biashara ilivyokuwa, na mteja hakuwahi kuuliza. Lakini kizazi hiki kinachoanza kufanya kolabo za skafu na vijora na mashati kina nafasi ya kuliweka jina kwenye kitambaa chenyewe, sio kwenye kikaratasi kinachokatwa na mkasi siku ya kwanza.

Sisi na rafiki yangu tuliandikiana ukurasa mmoja tu, Kiswahili cha kawaida, skafu ngapi, fungu lake ngapi, rangi habadilishi mtu bila yeye kuona, saini mbili na shahidi. Jina lake lipo pembe ya chini kulia kati ya chembe mbili za mchele. Mama anayetukunjia mapindo alikuwa anaenda kwa kasi, analowesha vidole kwenye kibakuli cha maji, anaviringisha ukingo, anapitisha sindano, alipofika kwenye ile pembe akasimama, akakinyanyua kitambaa akakisogeza dirishani, akasema, "Mwanangu, hapa kuna maandishi, nikikunja kama kwingine yanaingia ndani." Tukamwambia basi hapo akunje kwembamba.